Kutoonekana Si Kufa: Kuweka Linux Kwenye Kompyuta ya Kikundi

Somo kwa vikundi vya kujisaidia vya Ndhiwa na majirani



Kikundi kinapoanza, daftari moja linatosha. Watu kumi na tano wa nyoluoro wanajuana wote, na kila mmoja anaikumbuka zamu yake. Lakini kikundi kikikua, kikaanza kukopeshana, kununua mbolea kwa pamoja, kufuga kuku wa kuuza au kukodisha viti na hema, hesabu huzidi daftari. Ndipo siku moja mtu anasimama mkutanoni na kusema, "Jameni, tununue kompyuta." Na kwa kuwa mpya ni ghali, kikundi hununua ile iliyokwisha kutumika ofisini mjini au ng'ambo.

Somo la leo ni juu ya kompyuta hizo za mtumba. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Kwa zile za Intel, kwa kawaida kizazi cha nane kwenda juu. Laptopu nyingi za mtumba hazifiki hapo. Mashine yenyewe ni nzima, kibodi ni nzuri, skrini haina doa, lakini mwenye programu amekwisha kuiacha nyuma. Njia moja ya kuifanya iendelee kutumika kwa usalama ni kuiwekea Linux, ambayo hailipiwi.

Lakini wengi wanaoanza kazi hiyo hukwama mahali pamoja: Linux inawaka, halafu kifaa fulani hakionekani. "Haioni waifai." "Haioni diski." "Skrini imekuwa nyeusi tu." Hapo fundi mwenye haraka atasema, "Hiyo imekufa, leteni pesa tuweke ingine." Pesa zinatoka kwenye sanduku la akina mama, na mara nyingi hakukuwa na kitu kilichokufa.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo hili kikundi kiweze:
- kuilinda kumbukumbu yake kabla ya kugusa kompyuta;
- kuijaribu kompyuta kabla ya kuilipia;
- kutafuta kwa utaratibu ni kwa nini kifaa hakionekani;
- kujua ni wakati gani wa kutumia pesa na ni wakati gani wa kuzibana.

1. LINUX NI NINI?

Kompyuta bila programu kuu ni kama shamba bila mlimaji. Windows ni programu kuu mojawapo, na Linux ni nyingine. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki kule Finland. Aliiweka wazi ili wengine waisome na kuirekebisha, na maelfu ya watu wameijenga tangu hapo. Ni kazi ya harambee hasa. Hata simu za Android tunazobeba mifukoni zina kiini cha Linux ndani yake.

Waswahili nao wameweka mkono. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Mwaka 2010 LibreOffice ilizaliwa kutokana na OpenOffice, na ndiyo inayokuja pamoja na Linux nyingi leo. Mweka hazina anaweza kupiga hesabu zote za kikundi humo.

Linux hutolewa kwa majina mengi. Kwa anayeanza tunashauri Linux Mint au Ubuntu. Linux Mint inahitaji kumbukumbu ya kazi, yaani RAM, isiyopungua gigabaiti 2, lakini 4 ndiyo inayofaa. Kwa mashine kuukuu sana angalieni jambo moja: zile za biti 32 zinaachwa. Ubuntu iliacha kutoa diski za kusakinishia mashine hizo mwaka 2017, na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi chake. Mtu akiwauzia mashine ya biti 32 leo, mjue anawauzia mzigo.

2. KWANZA OKOENI HESABU

Kusakinisha Linux kwaweza kufuta kila kitu kilichomo kwenye diski. Kama kompyuta tayari ina hesabu za kikundi, orodha ya wanachama, picha za vitambulisho au barua za ofisi ya maendeleo ya jamii, nakilini zote kabla ya jambo lingine lolote. Fanyeni hivyo Windows ikiwa bado inawaka, kwa sababu diski nyingine zimefungwa kwa siri, na ukishaondoa Windows huwezi kuzisoma tena.

Wekeni nakala mbili, kwenye flashi mbili, na flashi hizo zikae kwa watu wawili. Moja kwa katibu, nyingine kwa mweka hazina. Kisha zifungueni kwenye kompyuta nyingine muone kama zinasomeka. Nakala ambayo haijafunguliwa ni tumaini tu. Mkopo ambao haujaandikwa popote ni vigumu kuudai, na ugomvi wa namna hiyo umevunja vikundi vilivyodumu miaka.

3. JARIBUNI KABLA YA KULIPA

Hakuna mtu wa huku anayenunua fahali wa kulima kwa kuangalia rangi yake. Utamfungua kinywa uone meno, utamfanya atembee, utamtazama kwato. Kompyuta pia ina njia ya kutembezwa kabla ya pesa kutoka.

Linux Mint na Ubuntu zinaweza kuwaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi, bila kugusa diski ya kompyuta. Mnahitaji flashi ya gigabaiti 8 au zaidi. Tafuteni kijana wa saiba au mwalimu wa shule mwenye intaneti nzuri aishushe Linux na kuiandika kwenye flashi kwa programu kama Rufus au balenaEtcher. Kunakili faili tu kama mnavyonakili picha hakutoshi. Na kumbukeni, flashi hiyo itafutwa yote, basi isiwe ile yenye hesabu!

Mkifika kwa mwenye duka, mwambieni, "Tunaomba kuiwasha kwa flashi yetu kabla ya kununua." Chomekeni flashi, washeni, na mara moja mbofye kitufe cha kuchagulia mahali pa kuwakia. Kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12. Kwa HP ni F9. Chagueni flashi. Ubuntu itauliza kama mnataka kujaribu au kusakinisha, chagueni kujaribu. Mint huanza kwa kujaribu yenyewe.

Sasa ikaguenini kwa orodha. Je, skrini iko sawa? Waifai inaorodhesha mitandao ya jirani? Sauti inatoka? Kibodi inaandika kila herufi? Kila tundu la USB linasoma? Kamera inaonyesha sura? Diski inaonekana? Katibu aandike jibu la kila swali. Kifaa kinachofanya kazi hapo, kwa kawaida kitafanya kazi baada ya kusakinisha. Kisichofanya kazi hapo ndicho cha kuzungumzia bei.

Flashi ikikwama katikati au kuleta makosa ya ajabu ajabu, msiilaumu kompyuta haraka. Huenda Linux haikushuka yote. Mwanzoni mwa Mint, kwenye orodha ya kuchagua, mna chaguo la kukagua kama flashi ni nzima. Litumieni.

4. MGENI NA MKALIMANI WAKE

Ili tuelewe kwa nini kifaa hakionekani, tufikirie mkutano wa baraza. Mgeni amekuja kutoka mbali na anasema lugha tusiyoijua. Ili mkutano unufaike naye, mambo manne lazima yatimie. Kwanza, awe amefika. Pili, awe ameruhusiwa kupita mlangoni. Tatu, awepo mkalimani wa lugha yake. Nne, awe amepewa ratiba, ajue anatakiwa kufanya nini.

Kompyuta ni hivyo hivyo. Kila kifaa ni mgeni. Kufika ni umeme na waya. Mlango ni biosi, yaani programu ndogo iliyomo kwenye bodi ya kompyuta, inayoamka kabla ya Linux. Mkalimani ni draiva, programu inayojua lugha ya kifaa hicho. Na ratiba ni famuwea, maagizo ambayo vifaa vingine, hasa vya waifai, hupaswa kupewa kila vinapowashwa.

Katika Linux draiva nyingi zimo tayari ndani ya kiini chenyewe, ambacho mafundi hukiita keneli. Ndiyo maana vifaa vingi hufanya kazi bila kuingiza sidii yoyote. Lakini famuwea nyingi ni mali ya kampuni zilizotengeneza vifaa, na kwa miaka mingi Debian haikuziweka kwenye diski yake rasmi ya kusakinishia. Wengi waliiweka Debian wakaikuta haina waifai. Jambo hilo lilibadilishwa kwa kura ya wanachama wake mwaka 2022, na tangu Debian 12 ya Juni 2023 famuwea hizo zimo. Basi mkipewa flashi ya Debian ya zamani na waifai ikakataa, huenda shida ni umri wa flashi tu.

5. MASWALI MANNE, KWA MPANGILIO

Msiruke swali. Anayeruka hulipa.

Swali la kwanza: Je, kifaa kimefika? Zimeni kompyuta kabisa, toeni chaja. Angalieni waya, chomoeni na kuchomeka tena. Kwenye kompyuta za mezani vumbi letu la kiangazi huingia kila mahali, na wadudu hupenda joto la ndani. Pigeni brashi laini. Kama ni kifaa cha USB, kijaribuni kwenye tundu jingine, hasa lile la nyuma, maana ya mbele wakati mwingine hayatoi umeme wa kutosha. Kijaribuni pia kwenye kompyuta ya jirani. Kikikataa huko pia, hapo shaka ni juu ya kifaa.

Swali la pili: Je, biosi inakiona? Washeni na mbofye kitufe cha kuingia kwenye biosi: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo za ThinkPad. Tafuteni jina la diski, ukubwa wa RAM, na orodha ya vifaa vilivyozimwa. Mashine zilizotoka maofisini mara nyingi zilifungwa kamera au waifai na wakuu wake wa zamani. Kifaa kilichozimwa kwenye biosi Linux haitakiona hata ufanye nini. Kabla ya kubadilisha kitu, pigeni picha ya ukurasa kwa simu, ili mweze kurudi mlikotoka.

Swali la tatu: Je, Linux inajua kuna mgeni? Fungueni terminali, ule ukurasa mweusi wa kuandikia amri. Msiuogope. Amri hizi zinasoma tu, hazivunji kitu:

lsblk – huorodhesha diski.
lsusb – huorodhesha vifaa vya USB.
lspci -nnk – huorodhesha vifaa vilivyoko ndani ya mashine.

Kwenye orodha ya lspci kila kifaa kina nambari mbili zilizotenganishwa na nukta mbili. Ya kwanza ni ya kampuni: 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom, 168c ni Atheros. Ya pili ni ya kifaa chenyewe. Nambari hizo ni kitambulisho chake. Jina la kwenye gamba laweza kudanganya, nambari ndiyo ya kuaminika.

Swali la nne: Je, ana mkalimani na ratiba? Chini ya kifaa kwenye orodha hiyo hiyo tafuteni mstari unaoanza "Kernel driver in use". Ukiwepo, mkalimani yupo kazini. Usipokuwepo, mgeni amekaa kimya kwa kukosa wa kumsemea. Kisha andikeni:

sudo dmesg | grep -i firmware

Mkiona mstari unaosema kwamba kupakia kumeshindikana, pamoja na jina la faili, basi famuwea haipo. Andikeni jina hilo la faili vile lilivyo, herufi kwa herufi.

Mkishajibu maswali manne, mtajua ugonjwa uko wapi. Yanayobaki ni matibabu.

6. SHIDA ZINAZOTOKEA MARA NYINGI

Diski haionekani. Hii ndiyo inayotia watu hofu. Tuchukue mfano wa kikundi cha akina mama ishirini. Wameweka Linux kwenye flashi, wamefika mahali pa kusakinisha, na kisakinishi kinasema hakuna diski. Fundi anataka diski mpya inunuliwe. Katibu anaingia kwenye biosi, na kumbe jina la diski liko pale pale! Basi diski imefika na imepita mlangoni. Anatafuta mpangilio wa diski na kuona umewekwa "RAID On", jambo la kawaida kwenye Dell nyingi. Anaubadilisha kuwa "AHCI", anawasha tena, diski inaonekana. Hakuna shilingi iliyotoka. Na kama ile diski ingetupwa, hesabu zao zote zingekwenda nayo jalalani.

Lakini tahadhari: mkibadilisha mpangilio huo, Windows iliyomo yaweza kukataa kuwaka, au kudai nambari ndefu ya siri. Mkiurudisha ulivyokuwa, kwa kawaida huwaka tena. Ndiyo sababu tulisema nakala kwanza, picha ya biosi kwanza. Na kama biosi yenyewe haioni diski, rudini swali la kwanza: waya au diski yenyewe.

Waifai haionekani. Anzeni na swichi. Laptopu nyingine zina swichi ndogo ubavuni, nyingine zina kitufe chenye alama ya mnara. Kisha andikeni rfkill list. Ikisema "Hard blocked: yes", tafuteni swichi hiyo. Ikisema "Soft blocked: yes", andikeni rfkill unblock all.

Ikiwa swichi si tatizo, mnahitaji draiva au famuwea, na kuipata mnahitaji intaneti, ambayo ndiyo hamna! Hapo simu inawaokoa. Chomekeni simu ya Android kwa waya wake wa kuchajia, hakikisheni ni waya unaopitisha data, kisha kwenye mipangilio ya simu, mahali pa hotspoti, washeni kushiriki intaneti kwa USB. Linux huitambua simu mara moja, bila draiva ya pekee. Nunueni bando la kiasi, halafu fungueni "Driver Manager" kwenye Mint au "Additional Drivers" kwenye Ubuntu. Kama nambari yenu ni 14e4, yaani Broadcom, huenda mkaona draiva imependekezwa. Ichagueni, ngojeni, washeni upya.

Draiva imewekwa lakini bado haifanyi kazi. Angalieni kwenye biosi kama "Secure Boot" imewashwa. Huyo ni askari wa mlangoni anayekataa mkalimani asiye na muhuri. Mnapoweka draiva, Linux yaweza kuwaomba mtunge neno la siri. Mkiwasha upya, unatokea ukurasa wa buluu kwa sekunde chache tu. Wengi huuacha upite. Bofyeni kitufe, chagueni "Enroll MOK", mwandike lile neno la siri. Huo ndio muhuri.

Skrini inakuwa nyeusi Linux inapowaka. Mara nyingi ni kadi ya picha na draiva yake hawajaelewana. Mwanzoni mwa Mint chagueni "compatibility mode". Kwa Ubuntu chagueni "safe graphics". Mkiisha kuingia na kusakinisha, wekeni draiva ya kadi hiyo kupitia "Driver Manager" au "Additional Drivers".

Modemu ya laini inaonekana kama sidii. Zile modemu ndogo za USB huwa zinajitambulisha kwanza kama sidii yenye programu ya Windows, kisha hupaswa kugeuka kuwa modemu. Andikeni lsusb, ngojeni nusu dakika, mwandike tena. Nambari ya pili ikibadilika, imegeuka. Isipobadilika, wekeni programu iitwayo usb-modeswitch, ambayo kazi yake ni kuigeuza.

Tarehe inarudi nyuma. Kompyuta iliyolala ghalani miaka mingi huwa betri yake ndogo ya bodi imekwisha. Ni ile ya duara kama sarafu, mara nyingi CR2032. Kila umeme ukipotea, tarehe inarudi nyuma na mipangilio ya biosi inajirudia, hata ile AHCI mliyoweka. Tarehe ikiwa mbaya, intaneti nayo inaleta makosa ya vyeti, na Linux inakataa kushusha programu. Watu huzunguka wiki nzima na draiva, kumbe ni betri ndogo tu. Andikeni date kwenye terminali kabla ya yote.

Printa. Printa nyingi za miaka ya karibuni zinazotumia mtandao huonekana zenyewe. Kwa HP kuna programu ya HPLIP. Kama bado hamjanunua printa, chukueni laptopu yenu yenye Linux hadi dukani, chapeni karatasi moja, ndipo mlipe.

7. JINSI YA KUOMBA MSAADA

Ukimwambia fundi au mwalimu, "Kompyuta yetu haifanyi," umemwambia kitu kidogo sana. Hata mganga huuliza, ni wapi panauma, tangu lini? Mpeni mambo haya sita yakiwa yameandikwa: jina na modeli ya kompyuta, jina na toleo la Linux, kifaa gani hakionekani, nambari zake mbili, majibu ya maswali manne, na mliyokwisha kujaribu. Kwa maelezo hayo mtu aliye Kisumu au Nairobi anaweza kuwasaidia kwa simu, na kikundi kinaokoa nauli.

Tunashauri kikundi kiwe na daftari la kompyuta. Kila kinachobadilishwa kiandikwe na tarehe na jina la aliyebadilisha. Vijana wapewe kazi ya kuandika amri, lakini daftari likae kwa katibu. Kijana huenda chuoni au hupata kibarua mjini, daftari halihami.

8. NI LINI TUTOE PESA?

Hatusemi hakuna kifaa kinachokufa. Vipo. Diski isiyoonekana hata na biosi ya mashine nyingine, au inayoleta mistari ya "I/O error" kwenye dmesg kila mara, ni mgonjwa. Nakilini kilicho ndani upesi, mwiache. Kadi ya waifai isiyoonekana kabisa kwenye lspci wala lsusb, ingawa swichi na biosi ziko sawa, huenda imekwisha. Hapo msikimbilie kununua laptopu nyingine. Kijiti kidogo cha waifai cha USB kinaweza kuziba pengo, bora mkijaribu kwenye Linux yenu kabla ya kulipa.

Tunawasihi kikundi kiweke sheria hii kwenye kumbukumbu za mkutano: mweka hazina asitoe pesa ya kifaa kipya mpaka katibu asome mbele ya wanachama majibu ya maswali manne. Si kwa kumdharau fundi. Fundi mwema atafurahi, maana kazi yake imerahisishwa. Na mwingine atajua kwamba kikundi hiki kinauliza.

MAMBO YA KUKUMBUKA SIKU YA KUSAKINISHA

- Nakala mbili za hesabu, zimefunguliwa na kuhakikishwa.
- Chaja imechomekwa na betri imejaa. Umeme ukipotea katikati ya kusakinisha, kazi huharibika. Kama mnatumia sola, fanyeni mchana.
- Simu, waya wa data na bando tayari.
- Daftari na kalamu.
- Watu wawili au watatu, wala si mmoja peke yake chumbani.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Hesabu za kikundi chetu ziko wapi leo? Daftari au kompyuta ikipotea usiku huu, tutajuaje nani ana deni?
2. Je, tumewahi kulipia kifaa kipya bila kujua kama kile cha zamani kimekufa kweli? Nani aliamua?
3. Ni nani kati yetu au watoto wetu anayeweza kujifunza amri tatu za somo hili na kuwafundisha wengine?
4. Tofauti ya "haionekani" na "imekufa" ni nini? Toeni mfano usio wa kompyuta.

KAZI YA KIKUNDI

Kabla ya mkutano ujao, tengenezeni flashi moja ya Linux. Iwasheni kwenye kompyuta yoyote mtakayoruhusiwa, iwe ya shule, ya kanisa au ya mwanachama, kwa njia ya kujaribu tu, bila kusakinisha. Andikeni lsblk, lsusb na lspci -nnk, na katibu anakili nambari za kadi ya waifai pamoja na draiva yake. Mkiweza hayo, flashi hiyo itunzeni vizuri. Siku kikundi kitakapokwenda kununua kompyuta, iende mkononi mwa katibu, na pesa zibaki mfukoni mwa mweka hazina hadi majaribio yaishe.